Dakika Kumi za Chumba cha Mashuka

Kila siku saa kumi kamili alasiri, Mama Pasi alizima mashine za kufulia, akachomoa waya wa pasi na kugeuza kapu lake juu chini ili alikalie. Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa ghorofa ya tatu, jirani na paa la kuanikia. Wanawake watatu walikaa juu ya makapu yao na kwa dakika kumi wakakumbuka uaminifu wa Mungu. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuomba kitu. Kuomba kulikuwa na wakati wake. Hapa kila mtu alisema jambo moja tu ambalo Mungu alishamtendea.

Jambo likisemwa vizuri, liliingia chumbani lenyewe. Mama Pasi aliposimulia mwaka ambao upepo uliezua nyumba yake, majirani kumi na mmoja walipiga hodi wakiwa wamebeba mabati, wakasalimia, wakauliza wayaweke wapi. Redio, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alisimulia mvua iliyomaliza ukame wa kwao kwa madoido mengi mpaka ikanyesha mle chumbani, na mashuka arobaini yakarudi kwenye mashine.

"Siku nyingine fupisha, shoga," Mama Pasi alisema, huku akikamua gauni lake.

Wa tatu walimwita Bi Harusi, kwa kuwa alianza kazi wiki moja baada ya kuolewa. Sasa alikuwa mjane, lakini jina lilishamganda. Zamu yake ilipofika, kila siku alisema, "Nirukeni."

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Zamani alipita jioni kumchukua, na kwa kuwa shuka kubwa linataka watu wawili, alishika pembe mbili za upande wa pili. Alikunja hovyo, shuka likatoka mshazari, wakacheka. Mwaka jana aliugua ghafla. Chumba cha upasuaji kilikuwa ghorofa ya nne na lifti ilikuwa mbovu, hivyo watu wanne walimpandisha kwa ngazi, wamembeba ndani ya shuka ambalo mkewe alilipiga pasi asubuhi hiyo. Alikata roho ghorofa ya tatu, mbele ya mlango wa chumba cha kufulia. Tangu hapo Bi Harusi alipigilia msumari ukutani, akawa anautundikia zile pembe mbili na kukunja peke yake. Wenzake walipotaka kumsaidia, aliwaambia msumari unatosha.

Alhamisi moja hakusema "nirukeni."

"Mimi sina la kukumbuka," alisema. "Mungu angekuwa mwaminifu, mume wangu angefika ghorofa ya nne."

Hakuna aliyemkemea. Mama Pasi akasogeza kapu lake karibu.

"Mdogo wangu, kosa ni letu. Tumekuwa tukisimulia yaliyoisha vizuri tu, ukadhani mengine hayana nafasi. Sema ulichopewa. Kilivyoisha, tuachie."

Bi Harusi alikunjakunja pindo la aproni yake. Zilibaki dakika tano.

"Asubuhi ile alivaa soksi zangu za waridi bila kujua, akafika nazo mpaka getini. Nilicheka nikakaa chini. Miaka sita, Mungu alinipa mtu wa kunichekesha kabla sijanywa chai. Hasira bado ninayo. Lakini namshukuru."

Wakasubiri. Kwa kawaida jambo liliingia papo hapo. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Kisha zikasikika hatua kwenye ngazi, nzito, zikipumzika kila ghorofa. Mlango ukafunguliwa na mumewe akaingia, jasho likimtiririka, miguuni ana soksi za waridi.

"Hiyo lifti yenu," alisema akihema, "bado tu?"

"Bado, shemeji," Redio alijibu, akampa maji.

Alikunywa, akashika pembe zake mbili. Shuka likatoka mshazari. Bi Harusi alicheka mpaka akakaa chini, na furaha ikamjaa. Dakika kumi zilipotimia, mumewe aliaga na kushuka.

Kesho yake akaja tena. Ikaamuliwa Bi Harusi awe anaanza yeye, kwa sababu ya ngazi. Sweta la Bi Harusi likapata pa kutundikwa, pale kwenye msumari.

Mkuu wa hospitali alipata habari, akapanda kuja kuona, naye akihema. Alimkuta marehemu anakunja mashuka. Alimwomba tu awe anaandika jina kwenye kitabu cha wageni.

"Na lifti, mzee?" Bi Harusi aliuliza.

"Inashughulikiwa."

Hakusema uongo kabisa. Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa lifti ilikuwa imepauka, na wiki hiyo ikabandikwa mpya, yenye maneno yaleyale: LIFTI INATENGENEZWA. Mume wa Bi Harusi huisoma kila alasiri, hutikisa kichwa, hupandisha soksi zake, kisha hushika ukuta na kuanza ngazi, maana juu anasikia mtu ameshaanza kucheka.