Nauli ya Watu Wawili

Kule kaskazini hata maji ya kunawa uso yana bei. Sikuambiwa, nilijionea. Mwuza maji alipita na mkokoteni, nikajaza ndoo mbili kama mtu aliyezoea bomba la uani, na bei aliyonitajia kwetu ingenunua sukari na chenji ikabaki. Nikamwuliza kama maji yametiwa dhahabu. Akanijibu kwamba na yeye anayanunua, huku anaziangalia ndoo zangu kwa jicho la kutaka kuzimwaga. Nililipa. Nyanya zinauzwa mojamoja kama mayai, na lori la bidhaa likichelewa, kila kitu kinapanda bei bila mtu kuombwa radhi.

Sikwenda huko kutalii. Mama mkwe wangu alikuwa hajiwezi kitandani, na kila alipofumbua macho alitaka kitu kimoja tu, amwone mwanawe. Mwanawe ndiye mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma katika gereji ya malori, mwaka wa tatu hajakanyaga nyumbani. Kila tukimpigia simu anasema atakuja mambo yakikaa sawa. Mambo yake hayajawahi kukaa, hata kuchuchumaa. Ndugu wakachanga nauli ya kwenda, wakaniambia ya kurudi watu wawili atalipa mwenye kazi. Nikapanda lori, nikafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Alinipokea vizuri mno, na hilo lilipaswa kunishtua. Chumba safi, kitanda kipana, chandarua, feni inazunguka. Mimi niliyekuja na maneno yangu nimeyapanga mdomoni, nikaishiwa. Kumbe mwanaume anaishi hivi, na sisi nyumbani anatutumia vijisenti? Nikanuna kimoyomoyo. Nilipomweleza hali ya mama yake, alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafuta macho kwa kiganja, akasema lori la kwanza litakaloshuka tutaondoka wote. Nikamwamini. Shida ni kwamba malori ya kule hayashuki matupu. Dereva anangoja mpaka apate mzigo wa kurudi nao, na mzigo haukuwepo.

Tukasubiri. Kila jioni anakuja na nyama na soda baridi, mimi namwambia tukoroge uji tulale, mbona unajitutumua? Yeye ananiambia nile, nimetoka mbali. Na yeye hali, anadai ameshiba kazini.

Siku moja nikampelekea chakula gereji. Sikumkuta, alikuwa ametumwa kwenye gari lililokatika ekseli njiani. Sahani nikamwachia mzee mmoja mpaka rangi, wanamwita Brashi, mcheshi asiye na meno ya mbele. Akanishukuru, kisha akasema nimwambie bwana wangu asiwe na wasiwasi, zamu yake ya godoro ipo, hawajampa mtu. Nikauliza godoro gani. Mzee wa watu hakujua kama anatoboa siri, akanipeleka nyuma ya gereji akanionyesha. Bati juu, bati ubavuni, magodoro matatu kwa watu sita, wa zamu ya usiku wakiamka wa mchana wanalala palepale penye joto lao. Kwenye msumari nikaiona suruali ya mume wangu, kiraka chake nimekishona mimi. Kile chumba chenye feni kilikuwa cha gesti, kinalipiwa kwa siku.

Nilirudi nikamngoja mlangoni. Sikumpigia kelele. Nikamwuliza chumba analipa kwa pesa gani. Akasema kwa nauli ya kurudi. Hakutaka mkewe aone anavyolala. Jamani, mficha uchi hazai! Ningelala juu ya matairi, ningelala chini ya lori. Mimi nilikuja kumchukua mtu, sikuja kukagua mashuka. Nikamwambia hayo yote na mengine ambayo siwezi kuyarudia hapa. Jioni ileile tukahamia kwenye kibanda cha mama muuza chai, tukatandika boksi sakafuni. Lakini maji yalikwisha mwagika.

Lori likapata mzigo. Dereva akataja bei yake, tukambembeleza, hakushusha hata kidogo. Tulikuwa na nauli ya mtu mmoja, na cha kula njiani basi. Sikufikiri mara mbili.

"Panda wewe," nikamwambia. "Mimi nabaki. Nitafua mashuka ya gesti mpaka upate nauli ya kunirudisha. Mama anakutaka wewe, hanitaki mimi."

Akatazama viatu vyake. Nilidhani anaogopa kuniacha peke yangu ugenini, nikaanza kumwambia mama muuza chai ameshakubali nikae kwake. Haikuwa hivyo.

"Mkono mtupu haulambwi, mama watoto," akasema. "Miaka mitatu, halafu niingie kwa mama nilivyo hivi? Majirani wote wananiangalia?"

"Mama yako anakufa, baba watoto."

"Najua."

Alijua, na hakupanda, nikapanda mimi. Akamwomba dereva amsubiri, akakimbilia dukani, akarudi na blanketi zito jekundu limo ndani ya nailoni yake. Ile pesa ya kula njiani yote iliishia hapo. Akaniwekea mapajani, akasema nimfikishie mama, nimwambie mwanawe hajamsahau. Nimezaa na yule mwanaume, na nampenda mpaka leo, lakini pale nilimchukia. Lori lilipoondoka sikugeuza shingo.

Dereva kila aliposimama kula nilijifanya nimelala. Kichwani nilikuwa natunga ya kumwambia mgonjwa, mara nimwambie kazini wamemkatalia ruhusa, mara anakuja na lori la nyuma. Yote yalinuka uongo, nikayaacha.

Nilimkuta hai. Aliposikia nimefika alitaka akalishwe, wakamwegemeza kwenye mito, wakamfunga kilemba safi. Akanipokea salamu, lakini macho yake yalinipita yakaenda mlangoni. Wifi yangu akaufunga mlango kwa sababu ya upepo, na mama akaendelea kuutazama.

Nikatoa blanketi kwenye nailoni, nikamfunika miguu. Nikamwambia limetoka kwa mwanawe, amelichagua mwenyewe, anamsalimu sana.

Akalipapasa taratibu, akalishika pindo kwa vidole viwili.

"Alisikia kwamba nina baridi?" akaniuliza.

Akalisukuma kwa mguu mpaka likaanguka sakafuni, akaomba wamlaze, wamgeuzie ukutani.