Barua Iliyofungwa kwa Mate

Trudy Baines alifungua kikasha cha pete, akakigeuza ili sote tuone. Juu ya pamba palikuwa na jino. Lilikuwa gego la manjano, lenye tundu dogo jeusi ubavuni.

"Mwaka wa arobaini na nane," alisema Trudy kwa sauti ya kanisani. "Studio ilimng'oa manne ya nyuma ili mashavu yaingie ndani. Hili ni la juu, kushoto."

"Masikini Leonora wetu!" akasema mtu.

Gego likaanza kuzunguka meza. Kila mmoja alilishika kwa glavu nyeupe, akalitazama kwenye mwanga, akasema neno moja la kumsifu Leonora, akampa aliye kushoto kwake. Mama mmoja wa Pasadena alivua glavu na kulipapasa kwa kidole kitupu, kisha akakitia kidole kile mdomoni. Hakuna aliyemkemea. Lilipofika kwangu nilisema "Uvumilivu", nikalipitisha haraka, nikajifuta mkono kwenye suruali chini ya meza.

Hivyo ndivyo tulivyokutana kila Jumamosi ya kwanza ya Machi, baada ya chakula cha mchana, katika ukumbi wa chini wa kanisa moja la Burbank, sisi wapenzi wa mwigizaji wa filamu Leonora Hartwick. Alikuwa amekufa miaka thelathini na minne iliyopita. Mimi peke yangu ndiye niliyewahi kufanya naye kazi. Nilipiga pasi katika idara ya mavazi ya studio miaka thelathini na mmoja, na kwa sababu hiyo walinipa kiti cha heshima na kazi ya katibu. Ukatibu niliustahili hata bila pasi. Nimesoma shule ya usiku miaka sita, Glendale, baada ya kusimama mchana kutwa kwenye mvuke, na huko nilijifunza sarufi, historia ya nchi yangu na namna ya kuendesha mkutano.

Kanuni ya meza niliiandika mimi. Wanawake wawili walikuwa wamevutana nywele kwa ajili ya skafu, kila mmoja akidai ya mwenzake ni ya uongo. Nikaenda nyumbani, nikaifikiria wiki nzima, na mkutano uliofuata nikarudi na maneno haya: Kilichowekwa mezani hakiulizwi kilikotoka, na mzunguko haukatizwi. Walipiga makofi. Niliona fahari kubwa. Sikujua kwamba nilikuwa nimewafungulia kifuniko cha pipa la taka. Mwaka uliofuata kililetwa kipande cha sigara chenye rangi ya mdomo. Kisha leso iliyokauka makamasi. Kisha nywele zilizotolewa kwenye bomba la bafu lake na fundi, zikasukwa kuwa bangili, na aliyezinunua akazivaa.

Nami sikuwa msafi. Kila mwaka nilisimulia jinsi Leonora alivyoniletea kahawa asubuhi moja ya baridi. Kila mwaka kahawa ile ilizidi kuwa moto. Ukweli ni kwamba hakuwahi kulijua jina langu.

Siku hiyo mwenyekiti wetu, Mavis Odom, aligonga meza baada ya jino. "Wapendwa, nina zawadi kwenu. Nimeificha jikoni tangu saa sita." Akafungua mlango, akaingia bibi mwembamba mwenye fimbo na koti la kijivu. "Damu yake! Dada yake mwenyewe, Bi Edith Kowalke, kutoka Nebraska!"

Walimvamia. Mmoja alimshika kidevu na kusema kidevu ni kile kile. Mwingine aliomba unywele. "Mmoja tu, mama, hautaumia!" Bi Edith alisimama kama ng'ombe mnadani mpaka Mavis alipomkalisha kwenye kiti kilichokuwa wazi, kushoto kwangu.

"Wewe ndiye unayeandika lile jarida la chama?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiye mimi, bibi."

"Uliandika kwamba leo italetwa barua ambayo haijafunguliwa."

"Naam. Ya Bwana Lempke."

"Basi ndiyo iliyonileta. Barua ile ni yangu."

Akanieleza kwa maneno machache, macho yake yakiwa mezani. Dada yake alimwandikia siku tatu kabla ya kufa. Wakati huo walikuwa wamegombana, hawasemezani, naye kwa hasira akaitia barua ndani ya Biblia bila kuifungua. Halafu zikaja habari za kifo, na hapo ndipo aliposhindwa kabisa kuifungua. Mwaka baada ya mwaka alijiambia kesho. Kiangazi cha juzi alijiambia Jumapili, akaweka na siku. Jumapili ilipofika, Biblia ilikuwa tupu.

"Wiki ile nilipata mgeni mmoja tu," alisema. "Alisema anaandika kitabu. Alikula vipande viwili vya pai ya tufaha, akaomba kwenda chooni."

Dwight Lempke, muuza viyoyozi wa Fresno, alikuwa amekwisha kusimama. Alipomwona Bi Edith vizuri, uso wake ulibadilika kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Kisha akaikumbuka kanuni yangu, akatabasamu.

"Ndugu zangu," alisema, akiinua bahasha iliyokuwa ndani ya plastiki ngumu. "Barua yake ya mwisho duniani. Haijafunguliwa! Sasa sikilizeni. Wengine mna alichokivaa, wengine mna alichokishika. Lakini bahasha hii aliifunga kwa ulimi wake. Chini ya gundi hii, jamani, mna mate yake. Mate yenyewe! Nimezungumza na mtu wa maabara, anasema kila kitu cha Leonora kimo humu, macho yake, ngozi yake, kila kitu."

Ukumbi mzima ulipumua. Trudy alianza kulia. "Mate yake," alirudia, kama mtoto anayefundishwa sala.



"Hiyo bahasha imeandikwa jina gani?" aliuliza Bi Edith. Hakupaza sauti.

Dwight alijifanya hakusikia. Bibi akauliza tena. "Kijana, nakuuliza, imeandikwa jina la nani? Wewe ulikula pai yangu ukaniibia."

Ghasia zikaanza. "Hapana, hapana!" alisema Mavis, akipunga mikono. "Bi Edith, mpenzi, wewe ni mgeni, hujui. Hapa hatuulizani. Bwana Pruitt, tafadhali, msomee kanuni."

Nilisimama. Nilikuwa na daftari mkononi, ingawa maneno yale nayajua kwa moyo. Nikayasoma yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Walipiga makofi, na Dwight alipiga kuliko wote.

Bi Edith aliniangalia. "Uliyaandika wewe?"

"Ndiyo."

"Umeyaandika vizuri," alisema, akageuza uso.

Nimetukanwa mara nyingi maishani. Mabwana wa studio waliwahi kunirushia suruali usoni. Hakuna tusi lililonichoma kama sifa ile.

Barua ikaanza kuzunguka. Dwight aliitoa kwenye plastiki ili watu waione vizuri, maana fahari ilikuwa imemlevya. Wakaishika kwa zamu. Waliigeuza upande wa nyuma, hakuna aliyetazama mwandiko. Wote walitazama mshono wa gundi. Trudy aliweka pua pale akavuta pumzi, macho yamefungwa. Mzee mmoja aliyefuata aliomba aruhusiwe kuibusu, akaibusu kabla ya kuruhusiwa. "Utamu," alisema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la sifa. Karatasi ilinifikia ikiwa na unyevu. Niliishika kwa ncha za vidole.

Mbele palikuwa pameandikwa kwa wino wa buluu: Bi Edith Kowalke.

"Inatosha, Pruitt," Dwight alisema. "Nirudishie. Bibi mikono yake inatetemeka, asije akaiangusha."

"Mzunguko haukatizwi," nilisema.

"Acha ujinga, mzee. Yeye si mwanachama."

"Amekaa mezani. Kanuni haisemi mwanachama. Nimeiandika mimi, naijua." Nikageuka kushoto kwangu. "Pokea, bibi. Sema neno lako."

Aliipokea. Alichomeka kidole gumba chini ya kifuniko cha bahasha, akachana.

Sijawahi kusikia ukelele kama ule, na nimeishi miaka sabini na tisa. "Mate! Mate!" alilia Trudy. Mtu wa upande wa pili alipanda meza kwa magoti, na nikadhani anataka kuinyakua barua. La. Alinyoosha shingo, akavuta hewa puani karibu na bahasha iliyochanika. "Pumzi yake imo humo," aliwaambia wenzake, "njooni upesi!" Nao wakaja, naapa, wakainama kama mbwa kwenye sahani.

Dwight alimrukia bibi. Nilijitia katikati, naye hakuthubutu kunisukuma mbele ya watu. "Unajua mmefanya nini?" alinifokea, mate yake mwenyewe yakinirukia usoni. "Ilikuwa nzima! Nzima! Sasa ni barua tu!"

Bi Edith alikuwa akiisoma, ameileta karibu na pua kwa ajili ya macho yake. Ilikuwa ukurasa mmoja. Aliisoma mara mbili.

"Soma kwa sauti, mama!" walimsihi. "Amesemaje? Ametutaja?"

Aliikunja, akaitia kifuani, akaiacha bahasha idondoke. Walipoigombea chini ya meza, nilimpa mkono, tukapanda ngazi polepole, fimbo yake ikigonga kila kipandio. Daftari la ukatibu nililiacha kwenye kiti. Nyuma yetu nilimsikia Mavis akiomba utulivu, na Trudy akisema vipande vigawanywe sawa.

Jua la nje lilikuwa kali. Nilimkalisha garini. Nilitaka kumweleza jambo kuhusu ile kanuni, nikaona kila sentensi ninayoitunga inanitetea. Nikazunguka, nikaketi kwenye usukani.

"Dada aliniuliza kama anaweza kuja nyumbani," alisema mwenyewe, akiigusa barua kifuani. "Jumapili, kwa basi. Aliomba nisimwambie mtu."

"Ungeifungua siku ile, ungemjibuje?"

Alifikiri kwa uaminifu. Niliona anafikiri.

"Ningemwambia asije," alisema. "Nilikuwa na hasira sana."

Akafunga kifungo cha juu cha koti lake, ingawa palikuwa na joto, akaniomba niwashe gari.