Otomatiki Haipandi Mlima

Iyunga nzima ilikwishapitisha hukumu: otomatiki haipandi mlima. Pikapu ya dizeli ya kubebea viazi iwe na gia za kubadilisha kwa mkono, la sivyo utalala barabarani na mzigo wako. Na lisemwalo lipo. Gia boksi ya otomatiki ya pikapu ya marehemu Matano iliungua mikononi mwa mdogo wake Faraji, ikafungwa nyingine ya mtumba. Safari hii Faraji hakutaka kubahatisha. Wakishashusha viazi sokoni Mlandege, huko Iringa, pikapu itaingia gereji kwa fundi Liberatus, ing'olewe otomatiki, ifungwe gia za kawaida.

Shufaa, mjane wa Matano, hakubishana. Aliomba jambo moja tu, aiendeshe yeye mpaka Iringa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelala tangu alipougua, na mguu uliolala haukanyagi klachi. Gia hizo zikishafungwa, yeye basi tena. Atabaki kusimuliwa barabara na wengine.

Waliondoka asubuhi, ukungu ungali juu ya mashamba. Pikapu ilibadilisha gia yenyewe, taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Kila gia ilipopanda, Shufaa alihisi mguu wake wa kushoto nao unapiga hatua, unatembea peke yake huko ndani ya ukungu, mzima, una haraka zake. Macho alikuwa ameyafumbua, lakini ndoto ilikuwa ndoto, na ilikuwa tamu.

Walipoanza kushuka mteremko wa Inyala, mkono wa Faraji, aliyekaa kando ya Shufaa, ulikuja wenyewe, ukashika gia, ukataka kuisogeza kwenye frii, pasipo gia yoyote. Ndiyo desturi ya madereva wa njia ile: penye mteremko unaachia frii, gari linajishukia, dizeli inabaki. Shufaa akaudaka ule mkono.

"Shemeji, kumbe na wewe huwa unaachia frii?"

"Kila mtu si anaachia?"

"Kaka yako alinikataza. Alisema gia za kawaida zitavumilia, hii ukiiachia frii ikiwa mbio, mafuta ya gia hayaifikii vizuri. Inaungua."

Faraji akaurudisha mkono pajani. Aliutazama mkono wake mpaka Makambako.

Pale Ipogolo, kwenye mlima wa kuingilia Iringa mjini, malori yalikuwa yakitambaa. Shufaa aliogopa, tena sana. Pikapu ikanguruma, ikajishushia gia, ikapanda na viazi vyake vyote, na mguu uliolala ukapanda nayo.

Viazi vikashushwa, wakaenda gereji. Liberatus alikuwa amekwishatandaza spana zake juu ya turubai. Akauliza kama aanze kufungua.

"Rudisha vyombo, fundi," Faraji alisema. "Gia haina kosa. Ile ya kwanza niliiua mimi."

Shufaa alilia palepale kwenye usukani, wala hakujificha. Kisha akawasha gari. Faraji akazunguka, akapanda upande wa abiria, akaikalia mikono yake yote miwili.