Vyoo vya Wageni

Kilichomtibua msanifu asubuhi ile hakikuwa harufu ya kinyesi. Ilikuwa harufu ya rangi mpya. Vyoo alivyovichora mwenyewe vilipaswa kuwa vinatumiwa na wanafunzi tangu muhula uliopita, na choo cha mamia ya watoto hakinukii rangi. Alisukuma mlango wa kwanza akakuta kufuli. Wa pili vilevile.

Shule nzima ilikuwa imejengwa upya kwa ramani yake. Ukuta wa mbele ulibomolewa ili majirani wapate kuingia, maji ya mvua yakawekewa matangi, bomba likatolewa nje kwa ajili ya mtaa. Kinyesi kilitakiwa kushuka kwenye tangi la chini ya ardhi, kichachuke, kitoe gesi ya kupikia uji wa watoto. Kazi hiyo ilimkosesha usingizi, na leo ndiyo ilikuwa inazinduliwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeona tulivyovitunza?"

Mwalimu mkuu alikuwa baba yake mdogo, ndiye aliyemlea tangu baba yake mzazi alipofariki. Alifungua kufuli kwa mbwembwe kama anayefungua sanduku la mahari. Sakafu iling'aa. Masinki ya choo yalikuwa bado yamevikwa nailoni za kiwandani.

"Sasa watoto wanajisaidia wapi?"

"Kulekule kwao kwa zamani. Hawa ukiwaachia leo, kesho utalia. Hivi ni vya wageni."

Alisema hivyo kwa fahari, na msanifu aliijua fahari hiyo. Nyumbani kwa mzee huyo kulikuwa na kochi lisilokaliwa na mtu wa ndani, na vikombe vya kauri ambavyo wao watoto walivionea kabatini tu, huku wakinywea vya plastiki. Miaka yote hiyo aliamini ndiyo adabu. Leo ilimtia kichefuchefu.

Akalipita greda la ujenzi lililokuwa halijaondolewa uwanjani, akazunguka kuona mengine. Bomba la mtaa lilikuwa limefungwa kwa waya. Ukumbi aliouchora kwa ajili ya mikutano ya majirani ulijaa viti vilivyofunikwa mashuka. Palipobomolewa ukuta pamevutwa kamba, na mlinzi ameketi pembeni yake na rungu magotini. Alipouliza majirani wataingia lini, mlinzi alimjibu bila kunyanyua macho, "Wakialikwa."

Kisha akaenda nyuma, kwenye vyoo vya zamani. Uvundo ulimpokea kabla hajafika. Shimo lilikuwa limejaa hadi mdomoni, funza wanapanda ukuta taratibu, na sakafuni watoto walikuwa wamepanga vipande vya tofali vya kukanyagia ili wasizame kwenye ule uji wa kijani. Binti mdogo alitoka ameinua sketi kwa mikono miwili, kiatu kimoja kimelowa chapachapa. Akamwamkia, kwa adabu zake zote. Msanifu aliitikia huku amebana pua, akajichukia kwa kuibana.

Jikoni moto wa buluu uliwaka vizuri, vizuri mno. Aliufuata mpira wa gesi kwa macho. Ulipita dirishani, ukaishia kwenye mtungi wa dukani uliofunikwa gunia.

"Ndiyo gesi yetu hii?"

Mpishi alicheka kwa haya. "Mama, choo hakina mavi, gesi itoke wapi? Nimeambiwa wageni wakija niwashe, wakiondoka nizime. Mimi nani hata niulize?"

Alipomrudia baba yake mdogo, mzee alimshika mkono akamvuta kando ya matangi. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

"Usinivue nguo mbele za watu, mwanangu. Nimebakiza kidogo nistaafu. Wacha wageni wazindue waende zao, nami nitawafungulia watoto. Taratibu."

Angefanyaje? Akisema, mzee aliyemlea angeadhirika hadharani. Asiposema, watoto wangebaki kwenye lile shimo. Damu ni nzito kuliko maji, alijiambia, na maneno yenyewe yalimnukia.

Wageni walikuja, wakalishwa, wakaimbiwa. Wakaonyeshwa moto wa mtungi, wakaushangilia. Wakachungulia vyooni na kusifu usafi. Mgeni rasmi, mama mmoja mwenye sura ya huruma, akamgeukia msanifu.

"Wewe uliyevichora, hebu tuambie. Vinafanya kazi kama ulivyotaka?"

Baba yake mdogo alikuwa anatazama viatu vyake. Msanifu aliitazama ile milango mipya.

"Vinafanya kazi."

"Basi vile vichafu vya nyuma, vinavyonuka hadi hapa, tunaviweka vya nini?" mgeni rasmi alisema kwa furaha. "Greda si lile pale? Vifukiwe sasa hivi, tushuhudie wenyewe."

Ikawa hivyo. Greda lilisukuma kuta zikaanguka ndani ya shimo, udongo ukafuata, mbu na nzi wakatawanyika juu ya vitambaa vya meza. Watu walipiga makofi. Watoto nao walipiga, maana waliamriwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Pale mgeni alikuja na mwenyeji akabaki ameshika tumbo.

Vumbi la magari ya wageni lilikuwa halijatua mzee alipoanza kupita mlango kwa mlango akirudisha kufuli, huku akipiga mluzi. Wasichana walikuwa wamejipanga mbele ya milango, miguu wameipishanisha, mmoja analia kimyakimya.

"Baba, ulisema utawafungulia."

"Kuna wageni wengine wanakuja kujifunza kwetu, mwanangu. Kwa sifa ulizotupa wewe. Wavumilie tu, vichaka vipo."

Msichana wa mbele kwenye foleni alimvuta msanifu sketi.

"Dada, wewe ni mgeni?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kama ni mgeni, omba ufunguliwe. Sisi tutaingia na wewe."

Mzee alisikia. Akageuka, akamtazama msanifu kwa upendo mtupu, upendo uleule uliomlea.

"Huyu si mgeni," akamwambia msichana. "Huyu ni mtoto wa nyumbani."

Akabana kufuli la mwisho.