Kula Hela Umekaa

Fundi makochi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakujua kukaa. Mtu maisha yake yote anatengeneza vya kukalia wenzake, mwenyewe kukaa hawezi! Jamani, hicho si kichekesho?

Na sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Alikuwa akishusha kochi la mteja kwenye ngazi, mguu ukateleza, akaenda chini yeye na kochi lake. Kochi halikupata hata mkwaruzo. Mkono ndio ukavunjika.

Kilichomwokoa ni mdomo wa shemeji yake. Huyu ni mdogo wa mkewe, msusi, na maneno haogopi. Ndiye aliyemsumbua mpaka akajiunga na mfuko wa hifadhi ya jamii, ule unaopokea watu wasio na bosi: wasusi, mafundi, wauza mboga. Fundi alibisha kweli kweli. "Mimi niwalishe watu wa ofisini?" Shemeji akamwambia, "Haya, usijiunge. Siku ukianguka usije kunililia mimi." Akajiunga ili masikio yake yapumzike, na kila mwezi alitoa mchango huku akinung'unika.

Basi alipoanguka, mfuko ukalipa hospitali, na kila mwezi ikawa inaingia hela ya kula nyumbani. Sharti lilikuwa moja tu: asiguse kazi mpaka daktari aseme. Akikutwa anafanya kazi, malipo yanaweza kusimama. Mkewe alimkumbusha asubuhi na jioni, maana kodi ya nyumba na ada za watoto zote zilitegemea hapo.

Mwanzoni alivumilia. Alifagia karakana iliyokuwa safi. Akapanga vitambaa kwa rangi, akavipangua, akavipanga kwa ukubwa. "Baba watoto, kaa chini, unanitia kizunguzungu," mkewe akamwambia.

Ndipo jirani akaleta kiti cha mama yake mzazi. Mikanda ya chini ilikuwa imelegea, bibi wa watu akikaa anazama. Fundi alikikodolea macho kutwa nzima. Mwishowe akajiambia, mkono wa kushoto haujavunjika bwana! Akakipindua kiti, akajaza misumari midogo mdomoni kama wafanyavyo wa kazi ile. Nyundo yao ina sumaku kichwani; inauchukua msumari midomoni na kuugonga palepale, kwa hiyo mkono mmoja unatosha.

Alikuwa ameshafunga mikanda miwili, roho imemtulia kwa mara ya kwanza tangu aanguke, mara hodi. Afisa wa mfuko, mama wa makamo mwenye begi begani, amekuja kumjulia hali.

"Habari za mkono, fundi?"

Fundi akatoa macho. Kujibu hawezi, kumeza hawezi. Shemeji alikuwa pale pembeni anakunywa chai, akadakia, "Anaumwa jino, dada! Tangu jana hasemi."

"Pole yake. Na nyundo ni ya kung'olea?"

Chai ikampalia shemeji. Hata hivyo aliendelea kumkonyeza fundi: nyamaza, nyamaza! Fundi akamfikiria mkewe, akazifikiria zile ada. Lakini watu hawa walimlipia hospitali bila kumzungusha. Kuwadanganya usoni roho ilikataa. Akatema misumari kiganjani.

"Nilikuwa nafanya kazi, mama. Nisikufiche."

"Hela haitoshi?"

"Inatosha! Hapo ndipo ninapoumia. Tangu nianze ufundi sijawahi kula bila kugonga. Kila nikipokea najiona kama mwizi. Hela ya nani hii, naila nimekaa?"

Afisa akavuta kigoda, akakaa. Hakuonekana kukasirika, alionekana amechoka tu. "Miaka yote ile uliyochangia, ulivunjika?"

"Hapana."

"Basi hela zako zilikwenda wapi? Kuna mchomeleaji aliumia macho, akakaa nyumbani mpaka yakapona. Kuna mama muuza mboga alijifungua kwa kisu, akalala na mwanawe badala ya kurudi gengeni na mshono. Walikula hela yako, fundi. Nao ni wezi?"

Fundi akaitazama misumari kiganjani. Miaka yote ananung'unika, kumbe kuna mtu yuko kitandani anapona!

"Wangejua ulivyokuwa unaitoa kwa kinyongo, wangekurudishia," shemeji akasema.

Afisa akasimama. "Mara ya kwanza ni onyo, na nitaliandika. Mara ya pili malipo yanasimama, na mimi sitakuwa na la kukusaidia. Mfupa ukiunga vibaya hutagonga tena maisha."

"Sawa, mama. Ahsante. Ahsante sana." Akampa shemeji nyundo akaifungie. Kile kiti angempelekea fundi mwenzake wa mtaa wa pili, na malipo ale yeye.

Afisa alikuwa ameshafika mlangoni fundi alipomwita. "Mama, samahani. Yule mchomeleaji... anaona?"

"Anaona vizuri kabisa. Mlango wa ofisi yetu kautengeneza yeye juzijuzi. Siku ukija kuleta karatasi ya daktari, utaufungua."

Fundi akageukia ukutani, mabega yakitikisika. Shemeji akafungua mdomo amtanie, akaufunga.

"Shemeji," fundi akasema bila kugeuka, "ahsante kwa kunisumbua."