Apite Aende Wapi

Mali Treharne alipoomba kutoka kwenye kwaya, hakuna aliyemwelewa. Alikuwa na miaka kumi na minne, na sauti yake ndiyo iliyobeba kwaya nzima, tena shule ilikuwa inajiandaa kwa tamasha la vijana la Wales yote. Rhodri Beynon, mwalimu wa kwaya, aliwaambia wenzake kwamba binti huyo sifa zimempanda kichwani. Wakacheka, maana Beynon alikuwa mtu wa watu, na katika bonde lote walimoishi hakuna mama aliyekuwa hamjui.

Delyth Maddox hakucheka. Yeye alikuwa naibu mkuu wa shule, na ulinzi wa watoto ulikuwa mikononi mwake. Alishaona mengi, na alijua kwamba mtoto haachi ghafla kitu anachokipenda ila kuna mtu amekitia sumu.

Akamwita Mali ofisini wakati wa chakula cha mchana, mvua ikipiga madirisha. Mali alikaa ukingoni mwa kiti na koti lake limelowa.

"Ticha, nikikwambia, hutamwambia mtu?"

Delyth angeweza kusema ndiyo. Ni rahisi, na mtoto angefunguka papo hapo. Lakini hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto ili amchote maneno.

"Hilo siwezi kukuahidi, mwanangu. Kama kuna mtu anakuumiza, lazima nimwambie anayeweza kumzuia. Ila sitafanya lolote bila wewe kujua."

Mali akainuka, akashika kitasa cha mlango. Delyth hakumfuata wala hakumbembeleza. Alibaki kitini na mikono yake juu ya meza. Mwisho binti akaachia kitasa, akarudi kuketi, akasema huku akitazama zulia.

Ilianza kwa ujumbe wa simu kuhusu nyimbo. Kisha Beynon akawa anamwandikia kwamba yeye si kama wasichana wengine, kwamba mama yake hawezi kumwelewa, na kwamba afute kila anachotumiwa. Juma lililopita, baada ya mazoezi, alimpa lifti. Akapita nyumba yao, akaegesha juu kabisa mlimani, kando ya bwawa la maji, akaanza kumshikashika nywele na kumwambia asiogope. Mali alifungua mlango akaruka nje, akateremka kwa miguu hadi nyumbani kwenye giza na mvua. Mama yake alimgombeza kwa kuharibu viatu.

"Umefanya vizuri kuniambia," Delyth akasema. "Na kosa si lako, hata chembe."

Kwa taratibu za shule, tuhuma dhidi ya mwalimu humfikia kwanza mkuu wa shule, naye huwapigia watu wa halmashauri siku hiyo hiyo. Delyth akaenda moja kwa moja kwa mkuu, Gethin Prosser. Prosser alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaanza kuifuta. Akasema Beynon ana watoto wadogo, tamasha limekaribia, na wasichana wa umri huo wana ndoto nyingi. Angeongea naye kiume. Mwisho wa muhula Beynon angeomba kazi kwingine, na yeye Prosser angemwandikia sifa nzuri aondoke bila kelele.

"Delyth, dada yangu, wewe si mgeni wa dunia. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Apite aende wapi, Gethin? Kwa watoto wa nani?"

"Watoto wa huko wana walimu wao."

Damu ilimchemka Delyth hadi masikio yakawaka. Alikuwa amefanya kazi na mtu huyu miaka mingi, amekula mezani kwake, na mkewe alimsaidia alipofiwa na mama. Na sasa alikuwa amekaa hapo, anafuta miwani, anagawa watoto wa watu kama mifupa. Delyth alichukua simu iliyokuwa mezani kwa Prosser, akawapigia halmashauri huku mwenyewe anamtazama.

Aliyepokea alikuwa Nerys Pask, ofisa wa ulinzi wa watoto. Jioni hiyo Beynon alisimamishwa kazi, na polisi wakachukua simu yake. Siku chache baadaye Nerys alimpigia Delyth. Alisema wameongea na shule aliyotoka Beynon, na huko nako kulikuwa na msichana. Wakubwa walijua.

"Wakafanya nini?" Delyth akauliza.

"Wakamwandikia vizuri, akaja kwenu."

Delyth aliweka simu chini, akaingia chooni, akalia kwa hasira.

Usidhani watu walimshukuru. Chumba cha walimu kilinyamaza kila alipoingia. Wazazi walinong'ona kwamba Mali amemponza mtu mwema, na kituoni pa basi wenzake walimwimbia nyimbo za kejeli, hadi mama yake akawa anampeleka shule mwenyewe. Maneno hayo yaliisha pale tu yule msichana wa shule aliyotoka Beynon aliposimama mahakamani kutoa ushahidi. Beynon alifungwa, akapigwa marufuku kufundisha maisha yake yote. Prosser alistaafu mapema, akaagwa kwa keki na hotuba, na hakuna hotuba iliyomtaja Mali. Delyth hakuhudhuria.

Kwaya ilikwenda tamashani na mwalimu wa muda, ikarudi na nishani ya nafasi ya pili, nayo imening'inizwa ukumbini. Wageni huisifia.

Siku moja Delyth alikutana na mama yake Mali nje ya duka la mikate, akamuuliza binti anaendeleaje.

"Anakula, anasoma," mama akasema. "Lakini haimbi, Delyth. Hata bafuni haimbi."

Kisha akamuuliza kama Prosser bado analipwa pensheni yake. Delyth akamwambia ndiyo, yote.