Tunda Lililobaki Mfukoni

Kwa jina la Mola aoteshaye kila mti na ajuaye kilichofichwa ndani ya tunda lake, naanza. Na rehema zimfikie Mtume wake.

Wahusika ni hawa. Bi Bhoke, jirani yangu hapa Nyamwaga. Ua wa vichaka vyenye maua mekundu na ya manjano ndio unaotutenga. Nyangi, mke wa mwanawe. Gloria, binti wa Nyangi, mwenye miaka sita. Nami, mwalimu mstaafu niliyeletwa na serikali kutoka Kondoa, nikabaki.

Nyumbani kwa Bhoke, mtoto hagusi tunda la porini mpaka mzee alionje. Jumatatu asubuhi Gloria alinijia na kiganja kilichojaa vitunda vya ua, vichache vyeusi, vingi vya kijani.

“Shikamoo babu. Onja.”

“Marahaba.”

Nilikuwa nimefunga sunna. Kulisema hilo niliona ni kujionyesha. Kusema sivijui niliona haya zaidi. Bhoke akacheka upande wa pili wa ua: “Mwalimu, umekula chaki miaka thelathini, leo unaogopa tunda?”

Nikachukua kimoja cha kijani, nikapeleka mkono mdomoni, kisha nikakiteremsha mfukoni mwa kanzu.

“Ndege wanavila,” nikasema. “Kula, mjukuu wangu.”

Adhuhuri mtoto alikuwa akitapika, miguu haina nguvu. Bodaboda ikamfikisha zahanati na mama yake na bibi yake, nami nikafuata kwa nyingine.

“Mama, umempa nini mwanangu?” Nyangi alimfokea mkwewe. “Si yale maziwa yako ya juzi!”

“Maziwa nimekunywa na mimi. Mbona nimesimama?”

“Nyamazeni,” akasema muuguzi Honoratha. “Nisipojua alichokula, nabahatisha tu.”

Niliwaacha wazozane kitambo, Mungu anisamehe, huku kidole changu kikikigusa kile kitunda. Kisha nikakiweka mezani.

“Alikula hivi. Mimi ndiye niliyemruhusu.”

Honoratha akakigeuza. “Vyeusi, vilivyoiva, watoto wanavila siku zote. Hivi vibichi ndivyo vyenye sumu.” Mikono yake ikaanza kazi.

Bhoke alikitazama: kizima, hakina alama ya jino.

“Kumbe hukuonja.”

“Sikuonja.”

Hakunitukana. Aligeuza kiti, akanipa kisogo.

Alhamisi Gloria akarudi nyumbani, amekonda, akapita penye ua na tunda moja jeusi.

“Babu, onja. Nione ukimeza.”

“Nimefunga,” nikamwambia. “Na matunda haya siyajui. Kamuulize bibi yako.”

Akakimbia. Nikamsikia Bhoke akimfundisha, rangi kwa rangi, kwa sauti ambayo tangu siku ile haijavuka ua kunisalimu.

Ewe Mola, mpe mtoto huyu umri mrefu, mlaze mama yake bila hofu, umzidishie Bhoke heshima niliyompunguzia. Na watakaobaki penye ua huu baada yangu, wajaalie ndimi zisizoona haya kusema: sijui. Amina.